Utani Uliomfuta Kibatari

Hapana, hapana, hakumchukia. Nani kakwambia hivyo? Hao wanaosema Mihambo alikiandama kile kitabu kwa chuki ni watu wa juzi juzi, hawakuwepo. Alikuwa mtani wake! Mihambo Mnyamwezi, Sikudhani Mzaramo, sasa ulitaka wasemezane vipi, kwa kubembelezana? Watani hao tangu enzi za misafara, babu wa huyu anapita na pembe za ndovu begani, bibi wa huyu anamuuzia maji na kumcheka miguu ilivyojaa vumbi. Watu wakatoka duniani na utani wao, wakaufikisha mpaka kwenye pete za Zohali, kwenye kituo cha kukata barafu. Kile kituo kina jina refu la kiserikali, lakini wenyewe walikiita Chalinze, maana kila chombo kinachokwenda mbali sharti kipite pale kichukue maji.

Basi Mihambo alikuwa mkata barafu, mtu mzima, mgongo umeshaanza kupinda. Akiamka, njia yake ilipita kwenye mabwawa ya perege, na huko ndiko Bi Sikudhani alikuwa akilisha samaki.

"Wee mpagazi, kumbe u hai? Nilidhani michembe yenu ya viazi vikavu imekukaba."

"Nife nikuachie nani kituo? Nyie Wazaramo mkibaki peke yenu mtapiga ngoma mpaka tudondoke kwenye Zohali."

"Afadhali ngoma. Kwenu mtu akifurahi anatafuta mzigo abebe."

Ndiyo salamu hiyo. Siku mmoja wao akiumwa, mwenzake anakwenda na uji, na matusi juu yake.

Sasa, kitabu. Wakati ule watoto wote, huku na kule, walikuwa wamelewa Wana wa Kimondo. Ni kikosi cha mashujaa wa sinema. Kuna Chuma, jitu linalosukuma chombo kwa bega moja. Kuna Bi Dhoruba, anapuliza upepo hata kule ambako upepo hakuna, usiniulize anautoa wapi. Wenye sinema wakataka na riwaya ya kufuatana nayo, mashujaa waje huku kwenye pete, na wakamtaka mwandishi anayeishi huku huku. Bi Sikudhani alikuwa akiwatungia watoto hadithi kwenye redio ya kituo, wakampa yeye. Wakamruhusu aongeze shujaa mmoja wa kwake.

Akamwongeza Kibatari.

Kibatari hakuwa na nguvu za kutisha. Viganja vyake vilitoa mwanga, tena mdogo, wa kumtosha mtu mmoja aliyepotea. Lakini alikuwa na namna ya kukuna kisigino kwa mguu wa pili kabla hajaingia gizani, na alipenda kusema mdomo umejaa chakula. Watu wa Chalinze wakasoma wakatazamana. Alikuwa Mwinshehe, mtoto wa pekee wa Sikudhani. Alifia ndani ya barafu, handaki likajifunga, na mwili haukupatikana hata kidole. Hakuna aliyelisema. Lakini kila mtu alijua mama amempa mwanawe mahali pa kuishi.

*

Hapa nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa.

Vitabu vya siku hizo havikuwa kama vya karatasi, kwamba kikishapigwa chapa basi. Vilikuwa hai. Unasoma kwenye kibao, ukimaliza unasema ulichokiona, na maneno yako yanakwenda kwa Mizani. Mizani ni mtambo, hauna uso hauna mkono, una masikio tu, kila ukumbi sikio. Inakusanya maoni ya wasomaji wote, wa duniani, wa Mwezini, wa Mirihi, inayapima, halafu inakirekebisha kitabu. Watu wakisema mwisho unachosha, kesho mwisho umebadilika, kwenye vibao vyote, popote. Yale ya zamani hayabaki kwa msomaji wala kwa mwandishi. Wenye mali hawakutaka kitabu kimoja kitembee na sura mbili.

Tena Mizani haikuwapima watu sawasawa. Kitabu kikizungumzia mahali fulani, watu wa mahali hapo ndio mashahidi, neno lao zito. Na ukiangalia ni busara, nani atajua barafu kuliko anayeikata? Na aliyekata barafu kwenye mahandaki yenyewe, kikosi kimoja na Mwinshehe, kama Mihambo, neno lake lilikuwa zito kupita yote.

Na haikuwa vitabu tu. Mizani hiyo hiyo ndiyo iliyopima malalamiko ya watu, vipuri, dawa, chakula. Chalinze wakati ule walikuwa wamelalamikia chujio la hewa la mtaa wa chini. Limechoka, watoto wanakohoa. Mizani ilikuwa bado inapima.

*

Siku ya maoni watu walikusanyika ukumbi wa chakula. Leokadia, binti wa Kingoni, fundi aliyetunza masikio ya Mizani pale kituoni, akawasomea kwanza ya watu wa mbali.

"Msomaji wa Mirihi anasema: mapigano machache, kula kwingi. Mashujaa wamekaa mezani sura nzima!"

"Muulize, yeye hali chakula?" Sikudhani akajibu.

"Wa Mwezini: kwenye sinema Bi Dhoruba hana mama. Huyu mama katoka wapi?"

"Alianguliwa, basi!"

"Huyu wa duniani: Chuma halii. Kama mnataka kulia, lieni wenyewe." Watu wakacheka. Leokadia akasoma la mwisho, sauti ikashuka. "Huyu hakutaja jina. Anasema: Kibatari alipokuna kisigino nilikiweka kibao chini. Nilikuwa na mdogo wangu alikuwa hivyo hivyo."

 Sikudhani akaangalia mikono yake, na kidevu kikaanza kumcheza.

Mihambo akaona. Na yeye, nikwambie, ile sura ya kisigino mjukuu wake alipomsomea, alimwambia acha kwanza, akatoka akaenda kusimama peke yake kwenye stoo ya misumeno. Kwa hiyo angeweza kusema kweli. Angesema, dada, umemleta kijana wetu nyumbani. Lakini mwanamke angevunjika pale mbele ya watu wote. Mtani kazi yake si kukuvunja, kazi yake ni kukushika usianguke. Sasa yeye angemshikaje, ila kwa mkono aliozoea?

Akainuka, akalisogelea sikio la ukutani.

"Mimi Mihambo, mkata barafu. Kitabu nimesomewa chote, na nasema hivi. Kimeandikwa na Mzaramo, na kinanuka Uzaramo. Watu wako hatarini, yeye anapika! Halafu huyu Kibatari. Shujaa gani anawaka viganja kama kimulimuli aliyekosa usingizi? Hafai hata kubanikia kambale. Mtoeni! Mwekeni mpagazi mmoja wa Kinyamwezi, mabega kama mlango, awabebe mashujaa wote kichwani awavushe, kitabu kiishe ukurasa wa pili tukalale!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Sikudhani alicheka mpaka akajishika mbavu, machozi yanamtoka, na sasa hakuna aliyejua ni machozi gani.

"Mtu kusoma hajui, maoni anayo!"

"Nisome ya nini? Harufu inatosha!"

Basi Wanyamwezi na Wasukuma wote wakajipanga. Huyu anasema Kibatari afutwe, yule anasema apewe ufagio, mwingine anataka mpagazi aongezewe mke wa Kizaramo amtese. Ilikuwa jioni nzuri ile. Walikwenda kulala wakiwa wanacheka bado.

*

Asubuhi Mihambo alifika mabwawani na tusi lake tayari mdomoni. Akamkuta Sikudhani amekaa ukingoni, kibao magotini, samaki hawajalishwa.

"We mwanamke, leo hata perege umewafunga swaumu?"

 Akamsogezea kibao, halafu akakumbuka kwamba hasomi, akamsomea mwenyewe, polepole kama anayesoma cha mtu mwingine.

"Ndipo akatokea mpagazi mmoja, mabega kama mlango. Akasema, pandeni. Mashujaa wakapanda kichwani pake, akawavusha handaki."

"Na Kibatari?"

"Hayumo."

"Mbele?"

"Nimepekua mpaka mwisho, Mihambo. Hayumo. Hata pale aliposhika mkono wa yule mtoto aliyepotea, sasa hakuna mtoto."

Mihambo akataka kusema kitu, mdomo ukafunguka ukafungwa. Perege walikuwa wamejaa ukingoni wanafungua midomo vile vile.

Na kibaya zaidi, kitabu kilipendwa. Wale wa Mirihi wakasema sasa hiki ndicho kitabu. Watoto wa Chalinze wakaanza kutembea na mito kichwani, "pandeni! pandeni!" ukumbi mzima. Mizani ikamtumia Mihambo shukrani, sauti tamu kama ya karani wa benki: Shahidi Mihambo, maoni yako yameboresha kitabu. Mjukuu wake akampigia makofi. Aliumia siku ile kuliko siku jino lake lilipong'olewa bila ganzi.

*

Alimfuata Leokadia karakanani, akamkuta amelala chini ya mashine, miguu tu inaonekana.

"Mwanangu, toka huko. Iambie hiyo Mizani nilikuwa natania."

Leokadia akajivuta nje, akajifuta mikono. "Babu, nilijua utakuja. Nami ni Mngoni, utani naujua. Lakini huu mtambo unajua kweli na uongo, basi."

"Utani si uongo."

"Na si kweli pia. Tutauweka upande gani?"

Mihambo akakaa juu ya ndoo. "Kijana amepotea kabisa?"

"Hajapotea. Maneno yake yako humo ndani mpaka duru ya maoni ifungwe, keshokutwa. Baada ya hapo yanatupwa. Shahidi mwenyewe akisema neno lake halikuwa la kweli, Kibatari anarudi, na kisigino chake."

"Sasa si nasema? Fungua hilo sikio!"

"Ngoja kwanza, Babu." Leokadia akamshika mkono. "Ikishajua kwamba watu wa Chalinze wanasema hiki na kumaanisha kile, itashusha uzito wa neno la Chalinze. Lote. Haichagui la kitabu na la chakula. Na chujio bado linapimwa, jibu mpaka mwezi ujao. Sisi tumesema watoto wa mtaa wa chini wanakohoa. Itajiuliza, hawa wanakohoa kweli, au wanatania?"

Mihambo akalitazama lile sikio.

"Hakuna namna ya kuifundisha?"

"Nimejaribu tangu jana. Niliiambia, kwetu mtu anaweza kukutukana kwa mapenzi. Ikaniuliza, basi akikupenda anasemaje? Nikashindwa kuijibu."

*

Alishuka mtaa wa chini, akakaa kwenye korido nje ya chumba cha watoto wadogo. Walikuwa wakiimba namba. Wanafika sita, mmoja anakohoa, wimbo unakatika, wanaanza upya. Mwalimu wao alikuwa amezoea, hata hakugeuka. Hicho ndicho kilichomtisha Mihambo, ile kuzoea.

Akamfikiria Mwinshehe. Kijana mzito wa kuamka, mwepesi wa kucheka, anakuja kazini mkate mdomoni anasema "mmh, mmh, nakuja mzee." Kama angeulizwa yeye, angesemaje? Rahisi kusema angekubali. Wafu wote ukiwauliza unavyotaka wewe, wanakubali. Mihambo akaiona hila hiyo akaikataa. Hapa Mwinshehe asisingiziwe. Anayechagua ni mimi, akasema moyoni, na nikichagua nisijifiche nyuma ya mtoto wa watu.

Alikaa pale mpaka watoto wakatoka, wakampita na mito yao vichwani. Halafu akainuka kwenda mabwawani.

Sikudhani alimwona akija, akaacha ndoo.

"Leokadia ameshaniambia," akasema. "Nilikuwa nakungoja. Sema kwanza jambo moja. Umekuja kuniuliza, au umekuja kuniambia?"

Njia nzima alikuwa amepanga maneno, likamtoka moja.

"Kukuambia."

"Haya."

"Sitalirudisha neno langu. Wale watoto..."

"Nawajua watoto. Nimewapikia uji hao." Akaokota chakula cha samaki kilichomwagika, punje kwa punje. "Ungeniuliza, ningekwambia hivyo hivyo. Acha, watoto wapate hewa, wangu haihitaji tena. Ningelisema mimi, kwa mdomo wangu. Lingekuwa langu la kutoa."

"Niliogopa kukubebesha."

"Najua uliogopa. Na wewe ndiye mpagazi." Mihambo akainua macho haraka, akitafuta kicheko. Hakikuwepo. Alikuwa amelisema hivi hivi, kama mtu anavyosema leo ni Jumanne.

"Nifanye nini, Sikudhani?"

"Mara ya kwanza hatukumzika, barafu ilimficha. Mara hii je? Nyie watani ndio wenye kazi ya msiba. Fanyeni kazi yenu."

*

Duru ikafungwa. Mwezi uliofuata chujio likaja, likafungwa mtaa wa chini, na wiki ile ile watani wakaweka matanga kwenye chumba cha watoto, maana sasa ndipo palikuwa na hewa nzuri kuliko pote.

Wanyamwezi walitwanga kisamvu tangu asubuhi, wakasonga ugali wa muhogo, wakabanika perege. Watoto walikatazwa mito. Watu wakaja, wakasimama ukutani, maana haikaliwi kabla ya watani kufungua shughuli.

Mtu mmoja akasema, tumkumbuke basi Kibatari, kila mtu na lake.

"Alicheka kwa pua," akasema mmoja.

"Kwa pua? Huyo Chuma. Kibatari alipiga mluzi kwanza."

"Hakupiga mluzi! Yule mtoto aliyepotea ndiye alipiga mluzi, Kibatari akaufuata."

"Na alimwambia nini alipomfikia? Lilikuwa neno zuri sana lile. Alimwambia... ngojeni, lilianza na 'usi...'"

Wakabishana, wakasahihishana, na kila waliposahihishana alizidi kuwa mdogo. Mwisho wakamgeukia mwenyewe. Bi Sikudhani akatikisa kichwa.

"Sikumbuki nililiandikaje. Msinitazame hivyo. Mwinshehe namkumbuka, yule hanitoki. Lakini Kibatari alikuwa na maneno ambayo mwanangu hakuwahi kuyasema, hakupata umri wa kuyasema. Nilimtafutia mimi, miaka. Hayo ndiyo yamekwenda."

 Chujio jipya linavuma darini, hakuna anayekohoa.

Ikabaki zamu ya Mihambo. Kwenye matanga mtani ndiye anayemtukana marehemu, mlafi huyu, mvivu huyu, katuachia madeni, mpaka mfiwa acheke apende asipende, ndipo sahani zishuke. Wote wakamwangalia. Chakula kilikuwa kinapoa, kisamvu kimeanza kuota ngozi juu.

Akasogea katikati. Akafungua mdomo. Maneno hakuyakosa, yalikuja mengi tu, ya kulala kwake, ya mkate wake, na mengine yalichekesha kweli. Lakini kila moja alilolishika alilipima kwanza. Hili likisikika litakuwa nini? Na hili? Na utani ukishaupima haupo tena. Akasimama vile, mzee wa watu, midomo inatikisika, mpaka mjukuu wake akaona haya akatazama chini.

Ndipo Bi Sikudhani akainuka. Akanawa mikono, akachukua sahani, akapakua ugali, akatafuta perege mkubwa kuliko wote, akamwekea na kisamvu pembeni. Akamfuata pale alipo, akamshikisha sahani kwa mikono miwili, na akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mzee Mihambo," akasema. "Karibu chakula."

Miaka yote waliyojuana hajawahi kumwamkia. Mtani haamkiwi. Wanaoamkiwa ni wageni na wakubwa wa ofisini. Ilikuwa heshima kamili, haina kasoro, kila mtu pale aliisikia, na wazee wengine wakageuza nyuso.

Mihambo akaishika ile sahani. Akangoja kidogo, labda kuna la kufuatia.

"Marahaba," akajibu. "Ahsante, Bi Sikudhani."

Akakaa. Naye akakaa, mkeka ule ule, upande wa pili. Halafu watu wote wakakaa, wakavuta sahani, wakasema bismillahi na wengine wakafanya ishara ya msalaba, wakala.